Landrova ya Baba na Njia ya Witu

Juzi nilipigiwa simu na kijana mmoja wa Mokowe, fundi wa magari, anayekusanya picha na habari za landrova za zamani kwa watu waliokuwa nazo. Alikuwa amesikia kwamba marehemu baba yangu alikuwa na moja miaka ya sitini, akataka kujua kama picha zimebaki. Nikamwambia zipo mbili. Ya kwanza, ya gari peke yake limeegeshwa karibu na gati, nilimtumia siku ile ile, akafurahi mno. Ya pili sikumtumia. Humo yumo bibi yangu, mama yake baba, uso wazi na tope mpaka magotini, naye katika uhai wake hakutaka picha ile ionwe na wanaume wa kando. Lakini habari yake hakukataza isimuliwe, basi kaa nikusimulie.

Ujue kwanza kwamba sisi tulikuwa watu wa Lamu mjini, na Lamu gari lingepita wapi? Katika vichochoro vyetu punda wawili wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Kwa hiyo sisi tulikaa kisiwani na gari letu likakaa ng'ambo, Mokowe, ndani ya banda la makuti. Shule ikifungwa, baba alituvusha kwenda kulitazama kama watu wanaokwenda kumjulia hali jamaa yao. Lilikuwa la kijani kilichopauka, na turubai nyuma. Baba alilinunua kwa afisa mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akalitumia kuchukua ufuta na mahindi kutoka mashambani. Mpaka leo nikisikia harufu ya ufuta mbichi, pua yangu huitafuta na ile ya petroli na turubai lililolowa mvua. Mimi kazi yangu ilikuwa kufuta kioo cha mbele na kutia maji kwenye rejeta. Baba alizungusha hendeli huku akisema bismillahi, na mara nyingi gari liliitikia kabla bismillahi haijaisha.

Bibi hakuwa amelipanda hata siku moja. Alisema punda humjua mwenyewe na chombo huujua upepo, lakini kile kitu yeye hakuelewa kinamtii nani.

Sasa, bibi alikuwa na mdogo wake, ambaye sisi tulimwita bibi mdogo, aliyeolewa na mkulima huko Witu. Zamani, kabla sijazaliwa, mama yao aliugua Lamu, na bibi akamuuguza peke yake. Habari zikapelekwa Witu. Ilikuwa masika. Mdogo hakutokea. Mama akafariki, akazikwa, arobaini ikapita, ndipo mdogo akaja akisema njia ilikuwa imekatika. Bibi alimjibu pale pale mlangoni kwamba mtu humwendea mama yake hata kwa kutambaa, kisha akafunga mlango. Tangu hapo hawakusemezana. Kila mwaka baba alirudi na kapu la maembe kutoka Witu, na kila mwaka bibi aliyagawa kwa majirani bila kuonja hata moja. Sisi watoto tulidhani maembe yanamdhuru.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi baba aliporudi safari na habari kwamba bibi mdogo ni mgonjwa sana, na kwamba analitaja jina la dada yake. Bibi alikuwa akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta. Baba alimsihi siku hiyo na siku zilizofuata, mama naye akamsihi kwa upande wake, na jibu lilikuwa lile lile, kwamba naye zamani alimtaja mtu na mtu hakuja. Kisha asubuhi moja tulimkuta jikoni anaoka mikate ya mofa, mingi kuliko tuwezayo kula. Akafunga na samaki mkavu kitambaani, akavaa buibui, akamwambia baba, "Nitakwenda. Nataka kumuuliza mwenyewe, mato kwa mato." Mato ndiyo macho, kwa Kiamu chetu.

Nikachukuliwa mimi nimshike mkono. Nilikaa katikati, kati yake na zile gia za baba, na nyuma juu ya magunia akapanda mwalimu wetu wa shule, kijana Mkristo wa kutoka bara, aliyeomba msaada wa safari mpaka Witu akapande basi la kwenda kwao. Alikuwa na kamera shingoni, ndani ya mfuko wa ngozi, na aliitunza kuliko sanduku lake la nguo.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipoondoka Mokowe mchanga ulitubeba vizuri, na bibi, aliyeanza kwa kusoma dua kwa sauti, akanyamaza na kutazama nje. Tulipokipita kijiji cha Hindi udongo uligeuka mweusi. Gari likaanza kuteleza nyuma kama mtu aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Baba akakivuta kile kijiti chenye kichwa chekundu, kilichoamsha magurudumu yote manne, na kwa muda tukaenda tukinguruma. Halafu tukashuka bondeni, na huko chini gari likazama. Lilizama taratibu, kama linalokaa kitako, mpaka tope likagusa milango.

Baba na mwalimu walikata matawi, wakayasukumiza chini ya matairi. Baba akarudi ndani, akakanyaga mafuta, na matawi yakamezwa. Wakakata mengine. Mvua ikarudi. Hapo bibi alivua makubazi yake, akanikabidhi, akashuka. Mwalimu alikimbia kumpa bega akisema, "Shika hapa, Mama, tope ni refu." Akamshika. Bibi yangu, ambaye hakuwa akishika mkono wa mwanamume asiye wa kwao, alisimama katikati ya bonde lile ameinua buibui mpaka magotini, akainua mguu mmoja kwa shida, na mguu wa pili ukakataa kutoka. Akaangalia mbele, njia ilikopotelea ndani ya maji. Akaangalia nyuma.

"Kumbe ndia yenyewe ndiyo hii," alisema.

Baba alizima injini. Bibi akasimama vile vile mvua ikimnyeshea, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na masika yale yalikuwa makubwa kuliko haya." Akajipangusa uso kwa ncha ya buibui, na kwa kuwa sikuwahi kumwona akilia, nilidhani ni mvua.

Walitokea watu wa mashambani, wanaume kwa wanawake, wakiwa na majembe. Hatukuwaita. Walisikia gari likilia wakaja. Walichimba mbele ya kila gurudumu, wakatandika magogo na majani ya mgomba, wakasukuma mabega yao yote yakiwa meusi, na jioni ikikaribia landrova ikapanda ukingoni. Bibi akafungua kitambaa chake, akawagawia mofa na samaki, tukala pamoja tumesimama. Hawakutuacha tuendelee na giza. Tulilala kwao, na asubuhi wakatuonyesha pa kupita.

Witu tulimkuta bibi mdogo amelala kitandani uani, mwembamba, amegeukia ukuta. Bibi hakuosha miguu. Alipewa maji mlangoni akayakataa, akaingia na lile tope lililokaukia ngozini, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimekuya, mwana wa mama," alisema. "Ndia nimeiona. Niwie radhi."

Bibi mdogo aligeuka, akaitazama ile miguu. Ndipo akaeleza jambo ambalo hata baba hakuwa amelijua. Mwaka ule alitoka Witu kwa miguu na mtoto mgongoni, akafika kwenye lile bonde, maji yakamfika kifuani, akarudi. Kesho yake akajaribu tena, akarudi. Mtoto akashikwa na homa, naye akakosa la kufanya. Bibi akamuuliza mbona hakuyasema siku ile mlangoni. Akajibu kwamba mlango ulifungwa upesi.

Bibi akacheka, na katika kucheka akalia, na mdogo wake akamvuta kichwa akakilaza kifuani pake. Sisi tukatoka.

Tulikaa pale mpaka mgonjwa akaweza kutembea mpaka barazani. Mwalimu alikuwa amekosa basi lake kwa ajili yetu, akabaki nasi akingoja jingine, na siku ya kuagana alimwomba bibi ruhusa ya kupiga picha. Baba alianza kumkatalia kwa niaba yake. Bibi akasema, "Mwache apige, iwe ya nyumbani. Miguu na ionekane." Maana alikuwa ametapakaa tena tope la shamba, asubuhi ile ile, akimchumia mdogo wake maembe, na alikula moja mbele yetu sote, maji yakimtiririka mpaka kiwikoni.

Bibi mdogo aliishi miaka mingine, alhamdulillahi, na kila shule ilipofungwa landrova ilimpeleka bibi Witu. Siku ilipofika, bibi aliwahi. Alimwosha mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe.

Bibi naye amekwenda, baba amekwenda, na landrova iliuzwa vipande vipande kwa watu wa Mpeketoni. Siku hizi kuna lami. Mwaka jana nilipita nikitaka kumwonyesha binti yangu lile bonde, nikamwomba dereva apunguze mwendo, lakini nilikuwa bado nalitafuta alipotuambia tumekaribia Witu. Binti yangu alikuwa amelala. Sikumwamsha. Siilaumu lami, kwani imewafikisha wengi hospitali na kwa wazee wao. Ila kwenye lami hakuna anayekusikia ukipita. Wale waliotuchimbia siku ile hatukuuliza majina yao, nao hawakuuliza yetu. Kila nikipita huko huwaombea hivyo hivyo, bila majina, na najua dua inafika.