Mkono wa Mshikaji

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, yakakatika saa tatu. Mchana jua, upepo hafifu, na saruji ya uwanja wa baiskeli ikakauka upesi kuanzia juu, pale kingo zinapoinuka.

Aliyefurahia kukauka huko kuliko wote hakuwa mshindani. Alikuwa fundi makochi mwembamba mwenye gundi kwenye kucha, mume wa mwendesha baiskeli aitwaye Mshale. Watu walimwita Mshikaji, na si kwa urafiki tu, ingawa urafiki alikuwa nao tele. Kazi yake uwanjani ilikuwa moja: kushika kiti cha baiskeli ya mkewe kabla ya filimbi, ili mkewe akae na miguu yote miwili kwenye pedali, na kumwachia filimbi ikilia. Hasukumi, havuti. Anaachia tu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na minane.

"Mume wangu anajua kuachia," Mshale alizoea kuwaambia wateja karakanani kwao, misumari midogo akiwa ameibana mdomoni. "Pesa tu ndiyo hajui kuiachia."

Mshale alikuwa na miaka arobaini na miwili, na mapaja ambayo suruali za dukani ziliyakataa zote. Mbio zake zilikuwa zile fupi, wawili wawili, mizunguko miwili, nani kamfyatukia nani. Jumamosi hiyo ilikuwa imebaki nafasi moja kwenye timu ya klabu inayosafiri kwenda mashindanoni. Siku chache nyuma, wakivuta kitambaa juu ya kochi la watu watatu, yeye upande huu na mumewe upande ule, alikuwa amesema:

"Nikishinda, nasafiri, nikirudi nastaafu. Nikishindwa, nastaafu siku hiyo hiyo. Kustaafu hakunitishi. Ninachoogopa ni kuachwa. Niachwe nyuma kule, halafu watu wanipigie makofi yale ya kumbembeleza mtoto aliyeanguka. Hayo sitaki kuyasikia."

"Hutaachwa."

"Utajuaje? Wewe siku zote unaona mgongo wangu tu. Vuta huko, kitambaa kimejikunja."

Mpinzani wake alikuwa Cheche, msichana wa miaka kumi na tisa, binti wa dada yake mkubwa, ambaye Mshale mwenyewe alimfundisha. Walikuwa washindane mara tatu, na atakayeshinda mara mbili aichukue nafasi. Mara ya kwanza Mshale alimlaza kwa ujanja: alijifanya amechoka, Cheche akageuka kumtazama, alipotazama mbele tena mama yake mdogo alikuwa ameshapita. Mara ya pili Cheche alishinda kwa nusu gurudumu. Mshale akashuka akaketi chini, miguu imekuwa uji.

"Ba'mdogo," Cheche aliita huku akinywa maji, "raundi hii njoo unishike mimi. Huyu anayenishika mikono inamtoka jasho kama yeye ndiye anayekimbia."

"Mikono ninayo miwili," Mshikaji alimjibu, "lakini ndoa ninayo moja."

"Na hiyo moja usiichezee," alisema Mshale kutoka chini. Akampa mkono, mumewe akamwinua. Akamsogezea mdomo sikioni. "Baba, sina kitu miguuni. Safari hii ananiacha."

Mshikaji akashika kiti. Filimbi ikalia. Akaachia.

Katika mbio hizi hakuna anayetaka kutangulia, maana wa nyuma anajificha upepo na kuchagua lini atoke. Basi wakaenda polepole, kila mmoja akimtegea mwenzake, mzunguko wa kwanza ukaisha kama mwendo wa wazee watokao hospitali. Walipokaribia mstari walipoanzia wakaganda kabisa. Ndivyo wachezaji wanavyouita mtego huo, kuganda: baiskeli imesimama, magurudumu yanatetemeka, mguu hauruhusiwi kugusa chini. Cheche aliganda juu. Mshale aliganda chini, kwenye ukingo wa ndani, hatua moja kutoka alipokuwa mumewe.

Dakika ya kwanza watu walipiga kelele. Ya pili wakaanza utani.

"Fundi! Waletee kochi!"

"La watu wawili, na mito!"

"Tumelipa kuona mbio!"

"Nani kalipa? Wewe umeruka ukuta, nimekuona!"

Mshikaji hakusikia lolote. Alikuwa akitazama mgongo anaoujua kuliko uso wake mwenyewe. Akaona bega la kushoto linainama kumwelekea, kidogo sana, jinsi linavyoinama kila mara mkewe anapojiweka sawa kabla ya filimbi. Na mkono ukaenda.

Ukashika kiti.

Kanuni ya mchezo ilikuwa moja na kila mtu aliijua: ukiguswa na mtu mbio zikiwa zimeanza, kwako zimekwisha.

"Mume wangu," Mshale alisema bila kugeuza shingo, "nani kashika kiti changu?"

"Mimi."

"Mbio zimeanza?"

"Zimeanza."

"Basi niachie."

"Nikikuachia utaanguka."

Kicheko kilianzia tumboni mwa Mshale, kikapanda mabegani, kikaitikisa baiskeli nzima. Alicheka mpaka kofia ikamshukia machoni. Mumewe, kwa kuchanganyikiwa, ndipo akaachia, na Mshale akaanguka taratibu kama gunia, juu yake. Huko juu Cheche alishusha mguu, akalala juu ya usukani, anacheka hadi machozi. Mwenyekiti wa klabu alikimbia na kibendera chekundu, akakipeperusha, akajaribu kukunja uso, akashindwa. Watu walisimama kwenye viti. Walipiga makofi, wakapiga mabati, wakapiga migongo ya jirani zao. Mtu mmoja akapaza sauti, "Baiskeli haina breki, mume ndiyo breki!" na makofi yakaanza upya.

Cheche alipotangazwa mshindi alikataa. "Sitaki kushindishwa na mkono wa ba'mdogo. Turudie."

Mwenyekiti akajadiliana na wenzake, akarudi: kesho saa mbili asubuhi, raundi ya tatu peke yake.

Jioni sebule ilijaa. Kila aliyeingia aliigiza upya, huyu ni Mshale, yule ni mkono, na kila kiti cha nyumba kilishikwa. Walibishana kama fundi alikusudia. Dada wa Mshale aliapa kwamba alikusudia. Jirani aliapa kwamba mtu wa namna ile hawezi kukusudia chochote.

"Sema kweli," Mshale alimwuliza. "Ulifanya makusudi?"

Mshikaji aliutazama mkono wake kama kitu cha kuazima. "Mimi sikukusudia. Labda wenyewe."

Jumapili asubuhi hapakuwa na wingu. Mshikaji aliamka mapema, akajaza upepo magurudumu, akafuta mnyororo, akasimama kwenye mlango wa chumba akiwa amevaa kofia yake ya bahati ya siku za mbio.

"Mama, saa moja na nusu. Mwenyekiti anatusubiri."

Mshale alifungua jicho moja. "Leo nikienda nitaachwa, unajua?"

Mshikaji akavua kofia. "Najua."

"Na jana uliwasikia watu walivyopiga makofi?"

"Mpaka sasa nawasikia."

"Basi nenda wewe. Kamshike Cheche, umshike vizuri, filimbi ikilia umwachie. Usije ukamzoea huyo naye."

"Na mwenyekiti nimwambie nini?"

"Mwambie nimeshikwa."

Akajifunika shuka hadi kichwani. Kitanda kikatikisika kwa kicheko muda mrefu, kisha kikatulia, na Mshale akalala hadi saa nne.