Chupa Isiyopungua

Shamba la mkonge lilipouzwa, baba alipunguzwa kazi ya umakenika, akarudi nyumbani Makanya na kompresa kuukuu ya breki za lori. Wenzake waliondoka na ahadi za kulipwa. Yeye angalau alibeba chuma. Baba mkubwa akatuma neno kutoka Chome: mama apande kwake mlimani pamoja nasi watoto, baba aende Mererani kuchimba madini. Mama alikataa katakata. Alisema bustani ya nyanya ikipata maji kiangazi hiki, hakuna atakayeondoka.

Kisima tulikuwa nacho, ila kwa ndoo na kamba bustani nzima haikumwagilika. Baba akaamua kuyapandisha maji kwa upepo: bomba linazamishwa kisimani, hewa inasukumwa hadi chini yake, mapovu yanapanda na maji. Ili aone yanavyokwenda, alikata shingo ya chupa kubwa ya plastiki, akaijaza, akatumbukiza mpira wa dripu unaoonyesha ndani. Mama alipuliza kwa mrija, baba akachungulia. Mapovu madogo yalipita bure. Makubwa yaliyojaza mpira ndiyo yaliyobeba maji. Mashavu ya mama yalivimba, tukacheka mpaka naye akacheka.

Maji yaliyofika juu baba alitaka yamwagike nje, kama yatakavyomwagika bustanini. Mama akamzuia. Makanya mtu hamwagi maji kwa majaribio. Basi baba akaupinda mpira, maji yakarudi chupani mle mle, na kila jioni mambo yakaenda vizuri.

Kompresa ikafungwa kwenye baiskeli. Baba aliponyonga, bomba likakohoa, likatema maji, nasi tukapiga vigelegele kama harusini. Nyanya zikaweka maua. Kisha kiangazi kikakaza, maji yakapungua siku hadi siku, mwisho likatoka povu na upepo mtupu. Baba alinyonga hadi shati likamganda mgongoni. Niliichukia ile baiskeli, nikamchukia na aliyelinunua shamba la mkonge, ingawa sikumjua.

Baba akashuka kisimani kwa kamba. Maji yalimfika magotini. Alipopanda alitueleza taratibu kwamba mapovu hubeba maji pale tu bomba linapozama sana, na chupa yetu ilikuwa imejaa siku zote.

Mama akakaa chini. "Baba watoto, ni mimi niliyekukataza kumwaga."

"Ningemwaga," baba akasema, "watoto wangekunywa nini?"

Wiki ile ile alikwenda Mererani. Shimo lilimfukia kabla ya vuli, na habari ikatukuta tayari tuko mlimani.

Chome maji hupita mlangoni kwenye mfereji, usiku na mchana, bila mtu kuyasukuma. Asubuhi baada ya matanga mama aliitega ndoo pale, ikajaa, ikafurika, naye hakuiondoa. Nilimwita. Alisema niyaache yamwagike.