Jasho la Mpare

Siku yake ya kwanza kazini, meneja mpya wa Korongo alimfukuza mchezaji kwa sababu ya viatu. Kijana wa watu alikuwa hajafunga kamba vizuri, basi. Meneja alimwita mbele ya wenzake, akamvua viatu, akavitupa kwenye pipa la taka na kumwambia arudi kwao pekupeku. Fidelis Mbwambo, mfuaji wa timu, alikuwa amesimama mlangoni na kapu la taulo. Alimwona kijana akitoka na soksi zake, akawaona wenzake wakicheka, naye akacheka kidogo.

Hiyo ilikuwa Aprili ya mwaka 1998, pale Bladensburg, mwendo mfupi tu kutoka Washington. Korongo ilikuwa timu ya besiboli ya ligi ndogo. Wachezaji wake walikuwa wa kulipwa, ingawa malipo yenyewe yalikuwa ya kubangaiza, na kila mmoja aliota kuitwa ligi kuu. Msimu uliopita walikuwa wameshika mkia, ndipo mwenye timu akamleta Doyle Harkin. Katika mchezo huo meneja ndiye kocha mkuu. Huvaa sare kama wachezaji wake, hukaa nao bandani kando ya uwanja, na neno lake halina rufaa.

Fidelis alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kwao Usangi, Upareni, alikuwa mwalimu wa michezo. Amerika ikamfanya mfuaji: sare, soksi, taulo, na viatu vya kusugua. Kazi moja tu aliipenda kwa moyo wote. Kabla ya kila mechi alichukua mipira mipya, akaipaka matope laini ya mtoni yaliyoletwa kwenye kopo, akaisugua mmoja mmoja mpaka mng'ao ukaisha, ili isimteleze mrushaji vidoleni. Kila timu hufanya hivyo. Lakini Fidelis aliwahi kumwambia mkewe kwamba hakuna mpira unaochezwa Bladensburg ambao haujapita mikononi mwake.

Mkewe, Dorothea, alisafisha vyumba vya hoteli kwa goti bovu. Goti lilikuwa limevimba kama boga, na kwenda chooni alikuwa akishika ukuta. Daktari alisema ni la kupasuliwa, lakini bima hawakuwa nayo. Ndiyo maana Fidelis aliitolea macho nafasi ya mkuu wa stoo. Mzee aliyeishika angestaafu Septemba, na kazi ile ilikuwa ya mwaka mzima, yenye bima ya mtu na mkewe. Mwenye timu alikuwa amesema wazi: nitamwajiri yule ambaye meneja atanitajia.

Basi Fidelis akaamua kumpendeza Harkin.

Harkin alimpa jina la Mganga. Mganga, njoo upulizie magongo yetu. Mganga, kwenu mnakula nyoka? Siku moja alitia nyoka wa mpira kwenye mashine ya kukaushia nguo. Fidelis aliruka hadi akaangusha meza, na wachezaji wakashikana mbavu. Siku nyingine alikuta mifupa ya kuku ndani ya viatu vyake, bado ina mchuzi. Kila mara Fidelis alicheka, na kicheko chake hakikuwa cha kujilazimisha. Alidhani anatambua anachofanyiwa. Alidhani ni utani.

Mpare na Mchaga ni watani tangu enzi za mababu. Baba yake Fidelis alipofariki, Wachaga walikuja msibani wakalala ndani ya kaburi lililo wazi, wakasema hatoki mtu hapa mpaka Wapare mfungue pochi japo mara moja katika maisha yenu. Fredy Massawe, ambaye sasa aliishi Herndon, upande wa pili wa Washington, akipakia mizigo uwanja wa ndege, alikuwa mmoja wao. Alimpaka Fidelis majivu usoni, mfiwa wa watu. Kisha wakapewa chochote, wakapeana mikono, na Wachaga hao hao wakabeba jeneza. Kwa Fidelis, mtu anayekuudhi kila siku bila haya ni mtu aliyekukubali.

"Unam-trust vipi yule mtu?" Fredy alimuuliza kwenye simu. "Utani ni wa pande mbili, Mpare. Wewe umeshamrudishia lini?"

"Bado. Namvizia."

Na Korongo wakaanza kushinda. Harkin aliwatukana, akawakimbiza juani mpaka wakatapika, akamwacha benchi mchezaji aliyeomba ruhusa ya kwenda kumzika bibi yake. Wakashinda. Mwezi wa Agosti walishinda mechi saba mfululizo, na meneja akatangaza kwamba siri ni fulana yake ya kijivu, ile anayoivaa ndani ya sare. Haikuwa imefuliwa tangu ushindi wa kwanza. Watu wa besiboli wana imani hizo: ukishinda, hubadilishi kitu. Alimkabidhi Fidelis fulana, akamwambia aifungie kabatini, na kwamba sabuni ikiigusa, atamlisha hiyo sabuni.

Zikafika mechi mbili ndani ya siku moja, na nguo zikawa mlima. Dorothea akaja kumsaidia mumewe, goti lake hilo hilo. Fidelis akiwa uwanjani na mipira yake, mama wa watu alifungua kabati akitafuta sabuni, akakutana na fulana. Ilinuka beberu. Aliona aibu, tena aibu yake mwenyewe: mkubwa wa timu avae kitu kile, na wafuaji ni wao? Aliifua kwa mikono, maji matatu, akaikausha kwa pasi.

"Mama Neema, umeniua," Fidelis alisema alipoiona.

"Nimekuua na nini, baba? Si nimeifua tu?"

Alipoelezwa alikaa juu ya ndoo, asijue acheke au alie. Fidelis hakuwa na muda wa kulia. Alichukua kopo la matope ya mipira, akaipaka fulana kwapani na shingoni. Harufu bado haikuwepo. Akaivaa mwenyewe, akauzunguka uwanja mtupu mbio, saa saba ya mchana, jua la Agosti likimchoma utosi, raundi tisa, mzee mzima anahema kama mbwa, mpaka ikalowa jasho. Mechi ilipokaribia, Harkin alivaa fulana, akanusa kwapa, akafumba macho kwa raha. Wakashinda zote mbili. Wakashinda na tatu zilizofuata, wakaingia fainali.

Siku moja kabla ya fainali mwenye timu aliandaa nyama choma mchana, pale pale uwanjani. Harkin alipanda juu ya benchi, akainua kola ya fulana.

"Huyu ndiye mchezaji wangu bora," alisema. "Na wewe Mganga, msimu mzima umetuletea nini zaidi ya chupi safi?"

Wakacheka wote. Fidelis akaona siku yake imefika.

"Bosi," alisema kwa Kiingereza chake cha ualimu, "hiyo fulana mke wangu aliifua zamani. Jasho unalonusa ni langu. Mechi tano umeshinda kwa jasho la Mpare."

Kicheko kikalipuka. Mchezaji mmoja alidondosha sahani. Mwenye timu mwenyewe alifuta machozi. Fidelis akasimama na mkono mbele, akisubiri kushikwa. Harkin alishuka kwenye benchi, akatabasamu, akapita.

"Alikujibu nini?" Fredy aliuliza alipopigiwa simu.

"Alitabasamu."

"Ebwana, hapo hakuna utani. Mtani angekutukana."

Fidelis alimwambia Mchaga ana wivu.

Fainali ilikuwa ya mechi tatu, anayeshinda mbili anachukua kombe. Ya kwanza Korongo walipigwa tisa kwa sifuri. Kesho yake mchana, kabla ya mechi ya pili, Harkin alikusanya wachezaji wote chumbani, akaivua fulana na kumrushia Fidelis. Akamwamuru aivae na asimame juu ya benchi. Mkosi umetoka kwake, alisema, na utarudi kwake. Wachezaji wapange mstari.

Walipita mmoja mmoja, wakamtemea. Maganda ya alizeti walizozoea kutafuna kwanza, kisha mate ya tumbaku, ya kahawia, yakichuruzika kifuani. Kijana ambaye Fidelis alimshonea glavu mara tatu alitema, akaona imeangukia sakafuni, akarudi kutema tena. Fidelis alicheka. Mwanzoni alicheka kwa sauti, maana hata majivu ya Fredy yalikuwa machungu siku ile. Alijua utani una mwisho wake, kwamba mtu atacheka, atanyoosha mkono, na hao hao watakubebea jeneza lako. Mstari ulipokwisha alinyoosha wake. Wakamwacha juu ya benchi wakaenda kucheza.

Walifungwa nne kwa moja.

Harkin alimkuta akikusanya soksi. "Fulana ni yako," alimwambia. "Nenda nayo hivyo hivyo, usiivue. Na hapa nisikuone tena." Fidelis aliuliza kuhusu kazi ya stoo. Aliuliza kweli, akinuka tumbaku, kwa adabu kabisa. Meneja alimwambia mwenye timu alishapewa jina tangu jana asubuhi. Jina la mtu mwingine.

Kwenye basi watu walihama viti. Dorothea alimfungulia mlango akiwa ameshika ukuta, akaiona fulana, uso ukachangamka.

"Kha! Bosi amekupa fulana yake? Na ile job je, ame-confirm?"

Hapa ndipo mimi simsamehe Fidelis. Mchana kutwa alikuwa ametemewa mate na wanaume thelathini, asimjibu hata mmoja. Jibu alikuwa amemwekea huyu.

"Kazi hakuna," alisema. "Wamenifukuza. Wamejua fulana ilifuliwa. Wewe ndiye uliyeifua, Dorothea. Hilo goti lako utakufa nalo, na umelitaka mwenyewe."

Hakumwita Mama Neema. Wala hakumwambia nani aliyewajulisha.

Dorothea alimvua fulana taratibu kama anavyovuliwa mgonjwa, akajaza maji kwenye karai, akaanza kuifua. Alifua akiwa amesimama, uzito wote kwenye mguu mmoja, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, doa la tumbaku likikataa kutoka. "Nisamehe, baba," alisema bila kugeuka. Fidelis alivuta kiti, akakaa, akamtazama akifua.