Mahali pa Kusema Sela

Swali langu la kwanza baada ya kubatizwa lilikuwa dogo tu: huyu Sela ni nani?

Nilidhani ni mtu. Nilikuwa nimefika Zaburi ya tatu, nimekaa jikoni kwa mama mkwe wangu upande wa Mpuguso, ungo wa maharage mapajani na Biblia juu ya kinu kilichopinduliwa. Kila nikimaliza kipande namkuta mwishoni mwa mstari, amesimama peke yake: Sela. Sikuambiwa ametoka wapi wala amefuata nini. Anajitokeza, kisha Zaburi inaendelea na mambo yake kana kwamba hakuna aliyepita.

"Huyo Sela ni mke wa huyo anayeomba?" mama mkwe aliuliza. Yeye hakujua kusoma, na mimi ualimu ulishaniharibu, siwezi kusoma kimya. Kila nilichosoma alikisikia.

"Sijui, Mama."

"Basi ni ndugu yake. Ndugu ndio wanaingia bila hodi."

Ilikuwa ile miaka ya mwanzoni mwa tisini, mambo yote yalipokuwa yanafunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni Tukuyu hadi ikamwagika barabarani, na wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapanda vijijini na mizani zao wenyewe, kila mmoja akiapa kwamba ya mwenzake ndiyo inayoiba. Mimi nilikuwa nimeletwa na Serikali kutoka Tabora kufundisha shule ya msingi. Nilikuja na sanduku, sweta moja jepesi, na imani ya nyumbani kwetu, ambako baba yangu alikuwa akiongea zaidi na babu zake waliokufa kuliko alivyoongea na sisi. Nikaolewa na kijana wa hapo aliyefanya kazi mgodini Kiwira, ambaye nyumbani alikuwa akionekana mwisho wa juma tu. Nikaingia darasa la ubatizo. Sikuingia kwa ajili ya ndoa, ingawa wengi walisema hivyo. Niliingia kwa sababu ya udadisi. Watu hawa walikuwa wakiimba kwenye mvua, kwenye msiba na kwenye kuchuma chai, nami nilitaka kujua wanaimba nini.

Mwinjilisti aliyetufundisha aliniambia nianze na Zaburi. "Huko hutapotea," alisema. Nilipotea siku ya kwanza. Nilitegemea maneno ya upole, ya watu waliofumba macho. Badala yake nikamkuta mtu analalamika kitandani, kitanda kimelowa machozi. Mtu anamwomba Mungu awavunje adui zake meno. Mtu anamuuliza Mungu kwa nini amelala, aamke! Kwetu hata mzimu wa babu usingeuambia hivyo, ungekuletea homa. Nilisoma huku nikitazama juu ya paa, nikingoja kuona kama kuna kitakachotokea. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

"Huyu ana majirani wabaya," mama mkwe alisema kuhusu mwenye Zaburi, akichochea moto. "Soma tena hapo pa meno."

Sasa nieleze habari ya baba mkwe, maana bila yeye hii ingebaki hadithi ya wanawake wawili na maharage.

Katika ukoo ule mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Namaanisha hivyo hasa. Hamtazami usoni, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, na akimsikia anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Nimeshajibanza migombani na ndoo ya maji kichwani, mvua inaninyeshea, nikimngoja mzee amalize kusalimiana na mtu kuhusu ng'ombe. Vijana wa mjini walishaanza kuyaacha hayo, lakini nyumbani kwetu yalishikwa barabara. Baba mkwe nilimjua kwa kikohozi chake, fimbo yake na mabuti yake ya mpira. Sura yake sikuijua. Nilikuwa nikichungulia ya mume wangu na kujaribu kuizeesha.

Tena jina lake halitamkwi na mkamwana. Si jina tu, hata neno linalofanana nalo. Nami kwa bahati yangu niliolewa kwa mzee ambaye jina lake linafanana na neno la Kiswahili linalotaja jiwe kubwa, lile lililozama ardhini, ambalo huwezi kulisogeza wala kulizunguka. Shuleni nilifundisha somo la udongo na mawe kwa kusema "jiwe lile kubwa la chini," na wanafunzi wakanielewa, kwa sababu mama zao nao walikuwa na ya kwao. Heshima si utumwa, nilijiambia, ingawa siku nyingine nilijiambia kwa kununa.

Jioni moja mama mkwe aliniambia, "Mwalimu, hiyo Sabuli usome kwa sauti."

"Si ninasoma kwa sauti, Mama?"

"Ongeza."

Nikaongeza. Nikasikia kikohozi nje, nyuma ya ukuta wa mianzi, chini ya upenu. Nikanyamaza papo hapo.

Mama mkwe alinong'ona. Macho ya mzee yalikuwa yanaingia ukungu. Zamani alijisomea Zaburi kimya kila jioni, tangu wakiwa vijana, kabla ya chakula. Sasa alifungua Biblia na kuishika tu. Watoto wa kusoma walishatawanyika, mwingine mgodini, mwingine Mbeya, mabinti kwa waume zao. Msomaji pekee aliyebaki nyumbani alikuwa mtu asiyeruhusiwa kusema naye. "Amehamishia kigoda chake huku," mama mkwe alisema. "Anasema anakimbia mvua. Mvua gani, na leo jua limewaka?"

Nilipatwa na hofu na furaha kwa pamoja. Toka siku hiyo nilikuwa na wasikilizaji wawili, mmoja wa jikoni na mmoja wa upenuni. Nikaanza kusoma vizuri, na vituo, kama ninavyotaka wanafunzi wasome. Tukavuka ya nane, ya kumi, ya kumi na tano. Nikifika kwenye Sela nanyamaza kidogo, maana mwinjilisti alishanijibu: hata wenye elimu hawana hakika, labda ni mahali waimbaji walipopumzika. "Ukimfikia, vuta pumzi," aliniambia. Nilipenda sana kwamba katika kitabu kitakatifu kuna neno ambalo watu wanalisoma tu bila kulijua, na hawaoni aibu.

Kisha tukafika ya kumi na nane. Zaburi hiyo inaanza kwa kumwita Mungu majina mengi mfululizo, jabali, boma, mwokozi. Jabali nilipita nalo salama. Nikawa nimenogewa, sauti imepanda, na lile neno likatoka mdomoni kabla sijaliona.

Mwiko wa ugali ulimponyoka mama mkwe. Nje kigoda kikakwaruza. Nikasikia fimbo, nikasikia mabuti yakikanyaga matope polepole kuelekea nyumba kubwa, hadi yasisikike.

"Umemwita," mama mkwe alisema, mikono kichwani. "Umemwita jina, hivyo hivyo, kama unaita mbuzi!"

"Nimemwita Mungu, Mama!"

"Mungu ni wako na wangu. Yule ni baba mkwe wako."

Nilikasirika. Sitaficha, nilikasirika hata maharage nikayamwaga. Nikiliruka neno, nimekata maneno ya Mungu, mimi Mkristo wa juzi. Nikilitamka, nimemvunjia heshima mzee mbele ya nyumba yake, na habari ingefika sokoni kabla ya ndizi za kesho. Jioni ya pili upenuni kulikuwa kimya. Ya tatu pia. Nilisoma kwa sauti kubwa, nikiuelekea ukuta, lakini kikohozi hakikuja. Niligundua ninamkosa mtu ambaye sijawahi kumwona, na nilimwonea huruma, amekaa huko ndani na kitabu asichoweza kukisoma.

Nikamfuata mwinjilisti shambani kwake. Alikuwa anang'oa mikahawa, kama wengi mwaka ule, apande maharage. Nikamuuliza nifanye nini. Alianza kwa ukali, kwamba Neno la Mungu halina mkwe. Kisha akajipangusa udongo, akacheka peke yake. "Lakini mke wangu kuna wimbo mmoja kanisani huwa anaufumbia mdomo katikati," alisema. "Baba yangu anakaa benchi la mbele."

Niliondoka bila jibu, na njiani, kwenye mteremko wa mtoni, nikalipata. Kama katika Zaburi kuna neno la kusimama na kuvuta pumzi, kwa nini nisisimame pale ninaposhindwa kupita?

Jioni ile nilimwambia mama mkwe aende akamwite mzee upenuni. Nikaanza upya ya kumi na nane. Jabali. Boma. Mwokozi. Nilipofika kwenye lile neno nikasimama, nikavuta pumzi, nikasema, "Sela."

Moto ukalia chini ya chungu. Halafu, nje ya ukuta, nikasikia mzee akicheka. Alianza taratibu, akaishia kukohoa, na mama mkwe akacheka kwa sababu yeye amecheka, na mimi nikachekea ndani ya kanga.

Miaka mingi baadaye mchungaji mmoja aliyesoma lugha za kale aliniambia kwamba katika Kiebrania kuna neno linalosikika karibu sawa na Sela, lakini ni neno jingine kabisa, tusilichanganye, na maana yake ni lile jiwe. Nilimwomba arudie. Alirudia, akashangaa kwa nini mama mtu mzima anapiga makofi.

Baada ya hapo mzee alianza kuuliza. Hakuniuliza mimi, hasha. Alimuuliza mkewe, kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie mwalimu, huyo anayelia hapo, amefiwa au ameibiwa?"

"Anasema amefiwa au ameibiwa?" mama mkwe alinigeukia, kana kwamba ukuta ule ulikuwa mlima.

"Mwambie Baba, nadhani amesalitiwa na rafiki yake. Wamekula pamoja."

"Anasema ni lafiki yake."

"Ahaa," ukuta ulijibu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mwambie asome tena."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza Zaburi, kwa maswali yaliyozunguka jikoni. Nilimuuliza, kwa njia hiyo hiyo, kwa nini kitabu cha sifa kimejaa malalamiko. Alisema mkewe aniambie kwamba mtu halalamiki kwa mtu aliyemkatia tamaa. Mama mkwe hakulirudia hilo. Alijua nimelisikia.

Tuliimaliza yote, tukaanza tena. Safari ya pili, tukiwa bado mwanzoni, kikohozi kikawa kibaya. Wakati wa baridi ya Juni mzee hakuweza tena kutoka upenuni kwenda kitandani bila kushikwa, baadaye hakutoka kabisa. Mume wangu aliomba ruhusa mgodini akaja, na dawa za hospitali zikaja, na mchana mmoja mama mkwe akaniita kwenye nyumba kubwa. Alikuwa ametundika kanga mlangoni mwa chumba. Akaniwekea kigoda upande wa huku.

"Anataka ile ya mtu anayemwita Mungu asimnyamazie," alisema.

Niliijua. Ni ya ishirini na nane, na lile neno liko hapo hapo mwanzoni, mstari wa kwanza, huwezi hata kujiandaa. Mtu anamwita Mungu kwa neno hilo na kumsihi asiwe kimya, asije yeye akafanana na wanaoshuka shimoni. Nilisoma. Nikafika. Nikavuta pumzi.

"Sela," nikasema.

"Hapana."

Ilikuwa sauti yake, na haikumpitia mtu. Mama mkwe alikuwa ukumbini karibu nami, akainua kichwa.

"Mwanangu," mzee alisema nyuma ya kanga, "leo ita lenyewe."

Nilimtazama mama mkwe. Nilitaka akatae, ili nisiwe mimi. Yeye aligeuza uso akatazama dirishani, kwenye migomba, akanipa kisogo, na kwa kisogo kile nikajua ameniruhusu. Nikarudia mstari toka mwanzo.

"Mwamba," nikaita.

"Naam," akaitika.

Hakusema zaidi. Alizikwa wiki ile ile, na wakati wa kuaga walinipitisha mbele kama mtoto wake, nikamwona uso. Alifanana na mume wangu, ila kwenye paji. Watu wameniuliza toka hapo aliitikia nini, jina lake au Zaburi, nami huwa najibu sijui. Ninachojua ni kwamba nikifika mstari ule hadi leo, nikishalisoma lile neno, nanyamaza kidogo kusikiliza.