Hina Iliyoficha Kucha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na ukiniona nimekunja uso ninapoisimulia, usiniulize sababu. Nusu ya hasira hii ni yangu juu ya nafsi yangu. Nusu iliyobaki ni juu yenu.

Ulikuwa mwaka wa uhuru. Shule yetu pale Mwabungo ilikuwa ya makuti, vyumba viwili na mwalimu mmoja. Mwalimu Athumani alitupanga mstari kila asubuhi, tukanyoosha mikono, akatukagua kucha. Nje ya choo aliweka debe la maji na kipande cha sabuni ya mche kilichotobolewa na kutiwa kamba. Ukitoka humo unaosha, basi. Tulimwita Mwalimu Sabuni, na jina hilo nililitunga mimi.

Wiki ile dada yangu alikuwa ameolewa, nami nikapakwa hina mikono yote miwili, kucha zikakolezwa kwa piko hadi zikawa nyeusi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikajiona mimi ndiye bibi harusi. Sasa usikie ujinga. Wenzangu waliniambia sabuni huipausha hina. Basi siku tano sikugusa sabuni. Siku tano, mwanangu! Mwalimu akipita mstarini anaona weusi, anadhani ni piko tu, anakwenda zake. Nami najiona mjanja.

Siku ya kupandisha bendera shuleni, wazazi walileta mchele na nazi, shule nzima inywe uji. Wasichana wakubwa tukapewa kazi ya tui. Mimi nilikwenda chooni kwanza, nikajisafisha kwa maji kama tunavyojisafisha sote, nikatoka, debe lile nikalipita kama silioni. Nikaketi juu ya mbuzi, nikakuna nazi, nikaivuruga kwa vidole vyote kumi, nikakamua kasimele, lile tui zito la kwanza. Na kasimele haichemshwi, wajua. Humiminwa uji ukishaepuliwa, isije ikakatika. Hakuna moto uliosafisha kazi ya vidole vyangu.

Bakuli la kwanza nilimpa Mwanakombo, mtoto wa jirani yetu, wa darasa la kwanza, niliyekuwa nikimshika mkono kila asubuhi kwenda shule. Akaja kuomba jingine. Nikamjazia mpaka pomoni, nikaona nimemfanyia ihsani.

Kesho yake watoto kadhaa waliharisha, wakapoa. Mwanakombo hakupoa. Alitapika, akaharisha, macho yakazama, ngozi ukiivuta hairudi upesi. Baba na mama yake wakamkimbiza hospitali ya Msambweni, na mtaa mzima ukakaa kungojea habari ya msiba.

Bibi yake, Bi Mejumaa, hakukaa. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani aliyekamua tui. Alipofika kwetu nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Aliniambia nimpe mkono. Akachukua mwiba wa mlimau, akachokoa chini ya kucha zangu, ukucha baada ya ukucha, na kila alichokitoa akakipangusia kwenye kisahani cheupe cha chai.

"Unaona nini, bibi harusi?"

"Uchafu, bibi."

"Uchafu wa wapi?"

Nikaanza kulia.

"Usinililie hapa. Mwenye haki ya kulia hana hata chozi, maji yote yamemtoka."

Akazikata kucha zangu kwa wembe mpaka karibu na nyama. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitetea, na alifanya vyema.

Siku ya sita mtoto akarudishwa, mwembamba, shingo haijakaza. Akaomba uji. Bi Mejumaa akaniita, nami nikaenda nikijua napigwa. Nikakuta ameweka nazi, ndoo ya maji na sabuni. Akaniambia nikamue. Nilimwambia siwezi, naogopa.

"Ndiyo maana nakutaka wewe," akasema. "Osha."

Nikaosha. Akasema tena. Nikaosha mara tatu, ndipo akanisogezea nazi. Mwanakombo akanywa, nami nikilitazama koo lake kila funda.

Sasa juzi nimekuja shuleni kwenu. Nimeona bomba, maji yanatoka, nikamshukuru Mungu. Nikauliza sabuni iko wapi. Ati imefungiwa kabatini, isiibwe! Hutolewa wageni wakija. Nanyi huku mnatoka chooni mbio, mnanunua mihogo ya kukaanga, mnalamba vidole. Sisi tulikuwa na debe moja na kamba. Nyinyi mna kisingizio gani?

Mwanangu, ukitoka chooni osha mikono kwa sabuni, na uoshe tena kabla ya kugusa chakula, kiwe chako au cha mwenzio. Kata kucha kila Ijumaa. Usingoje kukaguliwa, maana mwalimu mimi nilimhadaa mbele ya macho yake, na aliyelipa ni mtoto asiyejua lolote. Nanyi walimu, itoeni hiyo sabuni kabatini. Akiiba mtu, angalau ataoga.

Nimekwisha kusema, na kifua kimepoa kidogo. Mola akukinge na maradhi ya tumbo, akupe umri mrefu na mikono ya kulisha watu, na kila utakayemlisha alale salama na aamke salama. Amina.