Kuni Uvunguni mwa Baraza

Baba mkwe wangu hajawahi kunikaripia. Nalisema hilo mapema kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa kukaripia. Wanafunzi wangu wanalijua, na mume wangu aliyeko kazini Babati analijua zaidi.

Nyumba yetu hapa Maretadu iko kwenye mteremko. Mbele ya mlango ardhi inashuka kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, ndiyo maana mzee alijenga baraza la mbao juu ya nguzo, na upande wa nje akaweka mti wa kushikilia. Tangu mama mkwe apooze upande mmoja, anatembea hapo tu. Kila asubuhi hutoka na fimbo yake, akaburuta mguu wa kushoto mpaka mwisho wa baraza, akakaa kwenye kiti na kuwasalimia wanaokwenda kupanda Noah, gari dogo la abiria la kwenda Dongobesh. Hataki kushikwa mkono. Kuoga anasaidiwa, kuvaa anasaidiwa, lakini safari ile ni yake peke yake, na akianguka mara moja tu, basi imekwisha.

Kwa hiyo mzee alilitunza lile baraza kama wengine wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Kabla mama hajaamka, alilipita lote akiwa peku, akipapasa kwa nyayo. Msumari ulioinua kichwa aliugonga. Utelezi wa kijani aliusugua kwa mchanga na brashi. Kila mvua zikikaribia alizipaka nguzo oili chafu ya magari ili mchwa wasipande, kisha akaingia uvunguni na kisu, akachoma boriti moja baada ya nyingine. Mti mzima unakataa kisu, alisema, uliooza unakikaribisha.

Siku moja nilimwambia amwage zege tu, tupumzike.

"Zege likilowa, mama yako atateleza," akasema. "Na akianguka kwenye zege, mwanangu, hainuki tena."

Sheria yake ilikuwa moja: uvunguni hapawekwi kitu chochote. Pale ni pa upepo tu.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa macho, na daktari akamkataza kuinama mpaka apone kabisa. Akanikabidhi kisu. Nilikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nikakiweka juu ya kabati. Kikabaki huko.

Mvua zilikuwa zimeanza. Maharage yalidai palizi, madaftari ya wanafunzi yalidai kusahihishwa, na paa la jiko lilivuja hadi kuni zikawa hazitoi kitu isipokuwa moshi. Uvungu wa baraza ulikuwa mkavu. Nikazipanga kuni humo, mzigo juu ya mzigo, mpaka zikagusa boriti ya mbele.

Kila Jumamosi mzee aliniuliza, "Umeingia uvunguni?"

"Nimeingia, baba."

Na kweli nilikuwa nimeingia. Kuchukua kuni.

Siku daktari alipomruhusu kuinama, aliomba tochi. Nilimfuata. Alizivuta kuni polepole, akizipanga nje kana kwamba ni mali yangu ya thamani. Nyuma ya kuni hizo ukaonekana mfereji wa udongo wa mchwa, umepanda kutoka kwenye kuni hadi kwenye boriti ya mbele, ileile inayobeba mti wa kushikilia. Alichoma kisu. Kikazama mpaka kwenye mpini.

Nilingoja. Mtu mwingine angenipigia ile methali ya ufa na ukuta, na ningestahili. Yeye aliniomba msumeno.

"Mama yako asikose kutembea hata siku moja," akasema.

Kazi ilichukua siku tatu, na hakukosa. Mzee aling'oa mbao chache chache, zile za upande wa nje tu, akaacha njia nzima karibu na ukuta. Mimi nilibeba, nilishikilia, nilipaka oili. Boriti mpya ilipokaa, akaniita juu.

"Ruka."

"Mimi?"

"Mimi nimekonda. Wewe una uzito wa kutosha."

Nikaruka, mwalimu mzima, mbele ya wapita njia. Mzee aliyekuwa uvunguni alicheka mpaka akakohoa. Sijui kama kuna mtu ninayemheshimu kuliko yule mzee aliyejaa vumbi la mchwa.

Mchana huo nilipiga magoti mbele ya kiti cha mama. "Nisamehe, mama. Zile kuni niliziweka mimi. Ungeanguka."

Maneno yake hutoka polepole tangu apooze. "Nilijua," akasema. Akagonga mbao kwa fimbo. "Upande wa nje ulianza kulia vibaya. Nikahamia ukutani."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimemwona akiuacha mti wa kushikilia, akitembea huku kiganja kikiegemea ukuta. Nilidhani hali yake inazidi kuwa mbaya. Nilimpigia hata mume wangu simu nikamwambia mama anadhoofika.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeaibika kwa baba yako," akasema. Akapumzika kidogo. "Na ulikuwa umechoka."

Nililia pale pale, bila kujificha.

Siku hizi kuni zina kibanda chao, na ninayepita peku asubuhi ni mimi. Ukutani kuna mstari mweusi ulioachwa na kiganja cha mama, kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti. Juzi mzee alileta chokaa apake ukuta. Nikamwomba aupake wote, ila pale asipaguse.