Pale Santuri Iliporuka

Haijanitoka, mwanangu, Jumapili ile ya mtaani kwetu Mabatini, ingawa nimesahau mengi yaliyokuwa na maana kuliko hiyo. Juzi ulinionyesha kwenye simu santuri ya roki unayotaka kuagiza, ya kundi la zamani, eti imesafishwa upya. Ukaniuliza kama inafaa kununua au ni wizi mtupu. Nikasema nitakujibu. Ukacheka, ukadhani mama yako hajui habari za magitaa ya Wazungu. Nazijua sana. Nimekua nazo, na nimezicheza kabla hujazaliwa, tena vizuri kukushinda wewe.

Babu yako alikuwa dereva wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Fundi mmoja Mzungu alipomaliza mkataba wake akarudi kwao, alimwachia gramafoni na sanduku la santuri. Nyingi zilikuwa za vinanda vya kuleta usingizi. Moja ilikuwa ya roki, ya vijana wenye nywele ndefu na suruali za kubana, na hiyo ndiyo iliyoishika nyumba yetu. Upande wake wa pili ulikuwa na wimbo mrefu. Ngoma zinapiga, gitaa linalia, halafu katikati sindano inaruka na kutua mbele, ambako gitaa limekwisha badilika. Sisi tulijua wimbo ndivyo ulivyotungwa. Vijana wa mtaa waliokuja kucheza uani kwetu siku za sikukuu walifika pale wakaruka nao hatua moja mbele, wote pamoja, na asiyeruka alichekwa kwamba ni mgeni mjini.

Kaka yangu anaitwa Kulwa, na mimi Shija. Kwa Wasukuma majina hayo yanatosha: Kulwa ni pacha wa kwanza, Doto ni wa pili, na anayezaliwa baada ya mapacha ndiye Shija. Doto alifariki akiwa bado ananyonya, mimi sijazaliwa. Nyumbani hakutajwa. Bibi mzaa baba ndiye aliyeamuru hivyo, kwa sababu upande wao waliamini pacha akifariki haliliwi, kwamba kilio kinamwita na yule aliyebaki. Basi mama hakulia. Alimzika mtoto wake, akarudi nyumbani, akawasha moto akapika. Hayo nilinong'onezwa na shangazi, naye akanionya nisimuulize mtu mwingine.

Ikaja miaka ile ya ruksa, maduka yakajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa waliosafiri tu. Viwanda vya samaki vikafunguliwa kando ya ziwa, na Kulwa akapata kazi katika kimoja, akikata minofu ya sangara. Hapo alikutana na Mzungu wa kutengeneza mitambo ya barafu, mtu wa roki kama yeye. Kulwa alipomwimbia ule wimbo wetu mrefu, yule bwana alishangaa, akamwambia kuna kipande kizima asichokijua. Akamweleza kwamba santuri ile imesafishwa upya kutoka kwenye kanda zenyewe za studio, imewekwa kwenye sidii ya rangi ya dhahabu, na ukiisikiliza kwa mashine nzuri unamsikia mpiga ngoma anavyovuta pumzi. Kulwa hakulala. Akamwagiza amletee.

"Unachoma pesa," nilimwambia. "Muziki si tunao?"

"Tunao wa mikwaruzo," akajibu. "Wewe Shija hujawahi kusikia roki. Umesikia roki iliyopigwa na makucha ya kuku."

Mimi na yeye tulitaniana hivyo siku zote. Lakini alikuwa na jambo lake moyoni. Alitaka kumfurahisha baba, ambaye alikuwa amestaafu na kunyamaza, anakaa kutwa akitazama mawe ya mlimani.

Basi Jumapili ile, tumetoka kanisani, Kulwa akafunga mashine mpya sebuleni, na spika mbili ndefu zenye kunifika kifuani. Baba akaketishwa katikati. Mama alikuwa jikoni, uani, akichambua dagaa. Kulwa akaweka ile sidii ya dhahabu, akabonyeza, akarudi nyuma akikunja mikono kama bwana harusi.

Kitu cha kwanza kilichonitisha kilikuwa ukimya. Santuri yetu ilikuwa na sauti yake kabla ya wimbo, shwaaa, kama mvua juu ya bati la jirani, na hiyo ndiyo ilikuambia kwamba sasa unasikiliza muziki. Sidii haikuwa na kitu. Ilikuwa kimya mpaka nikasikia damu ikipita masikioni mwangu, halafu ghafla mtu akaimba. Sisemi sauti ilitoka kwenye spika, mwanangu, nasema mtu akaimba. Alikuwa amesimama kati ya kochi na kabati la vyombo. Nilimsikia akimeza mate. Nyuma yake mwingine alisogeza kiti. Nikajikuta nimevuta miguu chini ya kochi nisije nikakanyagwa.

"Sikia!" Kulwa akapiga kelele ya furaha. "Sikia vidole vinavyopita kwenye nyuzi!"

"Nasikia," nikasema. "Naona wamejaa humu ndani. Wafungulie mlango."

Nilisema nusu kwa mzaha. Wale vijana wa kwenye jalada, wengine wao wamekufa zamani. Kulwa mwenyewe alikuwa ameniambia. Na hapo walikuwa wakipumua sebuleni kwetu, mchana, pazia likicheza kwa upepo wa ziwa.

Baba hakuwa anafurahi. Nilimwona akigeuza kofia yake mapajani.

"Na ule mrefu umo?" akauliza.

"Wote umo, baba. Ndio unaofuata."

"Hauruki?"

"Sidii hairuki, baba. Ndiyo maana nimeinunua."

"Basi zima tukale kwanza."

"Ngoja kidogo tu, baba. Hapa ndipo penyewe."

Ule wimbo ulikuwa umekwisha anza. Ngoma zikapiga, gitaa likalia, na miili yetu, bila sisi kuiambia, ikajiandaa kuruka. Mimi nilikwisha inua kisigino. Haukuruka. Ngoma zilikatika, gitaa likafifia likaisha, tukaingia mahali ambapo hatukuwahi kufika. Kikawa kimya. Halafu mtoto mchanga akalia.

Alilia kwa karibu, kilio cha mtoto aliyeamka peke yake akakuta hakuna mtu. Ungeweza kusikia koo lake dogo linavyokauka. Mbwa wa jirani akabweka mara moja, akanyamaza. Nami najua sasa kwamba ni ujanja wa studio, wale watu waliweka mtoto wakamrekodi, hakuna uchawi. Lakini wakati ule nilitazama chini ya meza. Nakwambia kweli, nilitazama chini ya meza.

Baba alisimama. Hakwenda kuzima mashine, alimwendea Kulwa. Akamziba masikio kwa viganja vyote viwili, akamkaza kichwa kifuani, yule kaka yangu mrefu mwenye ndevu, aliyekuwa akibeba sangara wa kumzidi mtoto wa shule. Kulwa hakujitoa. Uso wake ulikuwa umebadilika, macho yameelekea kwenye spika na hayakupepesa.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama aliingia na magamba ya dagaa mikononi. Hakutazama spika, wala sisi. Alitazama mlango wa chumba cha kulala, mkono mmoja juu ya titi lake.

"Ameamka," akasema taratibu.

Nikaruka nikabonyeza vitufe vyote nilivyoviona mpaka mashine ikanyamaza. Ule ukimya ukarudi, na ulikuwa mbaya kuliko kilio.

Baba ndiye aliyesema. Alisema huku bado amemshika Kulwa, akituhadithia sote lakini akimtazama mama. Santuri ilipofika nyumbani, Doto alikuwa amezikwa karibuni. Wimbo ule ulipopigwa mara ya kwanza, Kulwa alikuwa kwenye titi. Kilio kiliposikika, mtoto aliacha kunyonya, akageuza kichwa kuelekea gramafoni, akatulia kabisa, akisikiliza. Ikawa hivyo kila ulipopigwa. Na mama alikuwa akiupiga kila siku. Baba aliogopa. Amri ya mama yake ilikuwa ni kutolia ndani ya nyumba ili Kulwa asiitwe, na sasa mashine inalia ndani ya nyumba, na Kulwa anageuka. Kumkataza mkewe asiupige kungemlazimu ataje sababu, na sababu ilikuwa ni jina ambalo limekatazwa. Basi akachukua sindano ya kushonea magunia ya pamba, akakwaruza santuri mahali pale, akaijaribu, ikaruka. Akashukuru Mungu.

"Nilikuwa namlinda mtoto," baba akasema.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema maneno ambayo sijapata kuyasikia kwa mtu mwingine.

"Kumbe ni wewe. Mimi nilidhani ni yeye. Nilikatazwa kumlilia, nikasema sawa, nitakuwa namsikia pale. Kila siku nikimaliza kazi nakaa namsikia. Siku moja nikakaa, hakulia. Nikapiga tena, hakulia. Nikajua amenikasirikia, ameona mama gani huyu asiyemlilia mwanawe, ameninyima sauti yake. Miaka yote hii, Baba Kulwa, nimeishi nikijua mwanangu amenikataa."

Mama akamsogelea baba, akamshika viganja vile vilivyoziba masikio ya Kulwa, akavitoa kimoja kimoja.

"Mwache asikie. Ni ndugu yake."

Akanitazama mimi. "Shija, washa."

Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa msichana mkubwa niliyesoma, na niliogopa kubonyeza kitufe kwa kuhofia kaka yangu ataanguka palepale. Mama akasema tena, bila kupandisha sauti, nikawasha. Mtoto akalia. Na mama akalia juu yake, kwa sauti yote, kwa jina, Doto, Doto wangu, akaketi sakafuni na magamba yake mikononi. Baba naye akaketi.

Pale Mabatini nyumba zimebanana, kilio cha msiba hakihitaji mjumbe. Jirani yetu Mama Mabula alikuwa wa kwanza mlangoni, bado ameshika mwiko. Akawatazama wazee wangu sakafuni.

"Nani jamani?"

"Doto," baba akasema.

Mama Mabula alimtazama Kulwa, akanitazama mimi. Hakuuliza Doto yupi. Majina yetu yalikuwa yamemwambia siku zote, ila hakuwahi kualikwa kuyasikia.

"Kumbe hamkumlilia," akasema. Akaweka mwiko chini, akafunga kanga kiunoni, akakaa karibu na mama.

Jioni uani palijaa mikeka. Watu walikuja kutoka Mkuyuni, shangazi akaja kutoka Nyegezi, wanaume wakawasha moto nje, wanawake wakapika. Hakukuwa na jeneza wala kaburi jipya. Watu walitupa mkono wa pole kama wafiwa wa jana, wala sikumsikia mtu akicheka. Mama alilia mpaka sauti ikaisha, halafu akaomba chai, akaiomba na sukari ya kutosha.

Kulwa hakuitwa. Yupo, unamjua, anakusumbua kila Krismasi na magitaa yake. Lakini usiku ule wa matanga aliniambia jambo ambalo sijui nilipeleke wapi. Aliniambia mle kwenye sidii alisikia watoto wawili wakilia, mmoja karibu na mmoja mbali. Sisi tulisikia mmoja. Niliisikiliza tena mara nyingi baadaye, peke yangu, mchana, mlango wazi. Ni mmoja. Yeye hajawahi kubadilisha maneno yake, nami nimeacha kubishana naye.

Sasa nikujibu ulichoniuliza. Nunua, mwanangu, kama pesa ni yako na hujaichukua kwenye ada ya mtu. Si wizi. Iliyosafishwa vizuri inakuletea kweli mambo yaliyokuwamo tangu mwanzo na hukuyasikia. Ila usinunue kwa sifa za muuzaji. Nenda kwa mwenye nayo ukaisikilize kwanza, maana nyingine wameongeza makelele tu wakaita usafi. Na ile ya zamani usiitupe. Mikwaruzo yake mingine ni ya bahati mbaya, na mingine kuna mtu aliiweka, kwa sababu aliyoona hawezi kuisema. Kabla hujawasha kitu kipya katika nyumba ya watu, waulize waliokutangulia humo wanapenda kisikike au hapana.

Na hili ni kubwa kuliko santuri. Utakuja kuwa na mke na watoto, na utawapenda hata utake kuwaficha kila kinachouma. Baba yangu alimpenda mama. Alikwaruza kwa mapenzi, na mapenzi yale yalimtesa mkewe miaka ambayo hairudi. Usimkatie mtu uchungu wake kimyakimya ukajisifu umemponya. Kaa naye, muulize, ukubali hata jibu litakalokutisha.

Mungu akulinde uendako na urudiko. Akupe riziki isiyokutenga na watu wako, akupe wanao uwaone wakiota mvi, na kama siku moja atakunyima mmoja wao, basi akujalie nyumba ambayo mama yake hatakatazwa kulia.